Kaye ya Binti wa Jirani

Juzi, hapa Kauma, mtaa wa Lilongwe ninakoshonea nguo, mtoto wangu aliniuliza kama mwanga huchoka ukitoka mbali. Nikaachia cherehani. Rafiki yangu, swali hilo nalijua tangu utoto wangu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, miaka ya vita vya Kongo.

Tulisomea kanisani, chini ya paa la plastiki lililonuka jua. Mwalimu aliuliza: mwanga wa nyota hupoteza nguvu njiani? Nikajibu kwamba huchoka, kama tulivyochoka sisi kukimbia kutoka Fizi, kule Kongo. Wenzangu wakanipigia makofi. Ndipo akasimama binti wa jirani, aliyetoka Bukavu.

"Mwangaza haichokake," alisema. "Inatawanyika tu, njo maana inatufikia kidogo. Ila kwa nyota za mbali sana, anga yenyewe inapanuka, inavuta ule mwangaza, nguvu yake inapunguka."

Mwalimu akamuuliza nani alimfundisha.

"Baba. Iko mu kaye yake."

Baba yake, mwalimu wa fizikia, alifia njiani wakikimbia. Kilichobaki ni kaye hiyo, daftari la jalada la bluu, ambalo binti alilala nalo. Baba yangu mimi hakuniachia hata karatasi.

Tangu siku hiyo bibi yangu, akisonga nsima, ugali wa huku, hakuacha kunisema: "Angalia mwenzako." Nilimwonea wivu hadi chakula kikanishinda. Kisha tukasikia kwamba shule moja ya Lilongwe itachukua mwanafunzi mmoja wa kambini, kwa mtihani. Asubuhi moja, binti alipokwenda kuchota maji, niliingia kwao nikaichukua kaye. Nikawashia moto wa jikoni, ukurasa kwa ukurasa. Bibi akasifu jinsi moto ulivyoshika upesi.

Mtihani alishinda yeye. Siku ya kuondoka, gari likimngoja, alinifuata mimi.

"Ukiona kaye ya baba, unitunzie. Mambo ya ndani niko nayo mu kichwa. Ni mwandiko yake njo nataka."

"Nitatafuta," nikasema.

Baadaye nilisikia familia yao imehamia ng'ambo. Bibi alishafariki, na kanisa lile sasa lina kuta za matofali. Mwandiko ule naukumbuka: herufi ndogo, zimelalia kulia, za mtu mwenye haraka. Hakuna mwingine aliyeuona baada yangu.