Bendi ya Mjomba na Redio ya Nyanya

Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa na kibanda Matisi, nikihamisha nyimbo kutoka kwa kanda hadi sidii. Siku moja mjomba wangu, ndugu mkubwa wa mama, akafika kutoka Malakisi na kanda moja iliyofungwa kwa leso. Kwao alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa, na vijana walimjua kama mtu asiyependa kelele.

"Niwekee hii kwa sidii," alisema. "Lakini usisikilize."

"Anko, si lazima nisikie ndio nijue kama imeshika?"

Akafikiri. "Basi punguza sauti."

Nilipunguza, haikusaidia. Gitaa lilitoka likikwaruza kama mabati yanayoburutwa kwa lami, ngoma zikalikimbiza, na mtu akaanza kuimba habari za jua la zambarau linaloogelea mtoni. Muuza viatu wa jirani alichungulia akauliza kama mashine imeharibika.

"Anko, huyu anayeimba ni nani?"

Mjomba alitazama dari. "Ni mimi, bana."

Ikabidi anieleze. Ujanani yeye na wenzake watatu walikuwa na bendi ambayo hakuna aliyeihitaji. Walirekodi ndani ya tangi kavu la maji, kwa sababu humo sauti ilizunguka kama kichwa cha mtu mwenye malaria. Ili gitaa likwaruze vile, walitafuta spika wakaikatakata kwa wembe. Nilikuwa bado nacheka wakati sauti ya mwanamke ilipokatiza wimbo, kali kuliko gitaa lenyewe:

"Nani amekata redio yangu? Tokeni humo. Ati mnaimba, na mimi nakosa matangazo ya vifo."

Ngoma zikanyamaza. Gitaa likaendelea kidogo peke yake, kisha likakata tamaa.

Ilikuwa sauti ya nyanya, aliyefariki nikiwa shule ya msingi.

"Rudisha nyuma kidogo," mjomba akasema. Nikarudisha. Akasikiliza akigombezwa upya, uso wake umelainika. "Picha zake tunazo. Sauti ni hii tu. Hayo mengine unaweza kufuta, niachie mama."

Nilikataa kufuta. Nilimwekea yote, na Krismasi sidii hiyo ikachezwa Malakisi mbele ya ukoo mzima. Mama yangu alicheka hadi akatoka nje kujipangusa machozi. Aliporudi, aliomba ichezwe tena. Watoto ndio walioipeleka habari kanisani.

Vijana wa kwaya wakamwendea. "Mwalimu, ati ni ukweli?" Hakukana. Wakamwomba awafundishe gitaa, naye akakubali kwa sharti kwamba watapiga polepole, kwa heshima.

Nilipomtembelea baadaye, nilimkuta nyuma ya kanisa, amevua koti, ameinama kando ya msichana aliyeshika gitaa la umeme.

"Ongeza," alikuwa akimwambia. "Bado linasikika kama gitaa."