Bi Futa na Mama wa Aya ya Kwanza

Ofisi ya Bi Futa iko mwisho wa korido, kati ya chumba cha fotokopi na choo kinachofanyiwa matengenezo tangu enzi za mkuu wa chuo aliyepita. Humo, kwa miaka kumi na tisa, ameandaa wanafunzi wa shahada ya kwanza kugombea ufadhili wa masomo ya juu ng'ambo. Jina walimpa wao, kwa tabia yake ya kufuta sentensi ya kwanza ya kila insha kabla hajaisoma. Anasema hajawahi kujuta.

Ana sheria moja isiyo kwenye mwongozo wowote: kila aliyetajwa kwenye insha lazima asomewe kabla haijatumwa. Sheria hiyo ilizaliwa siku alipomkaribisha ofisini baba aliyemletea mwanawe shuka, na ambaye, kwa mujibu wa insha, alikuwa na miaka sita kaburini. Wanafunzi wake, watoto waadilifu wasioibia hata mtihani, huamini kwamba wafadhili hawana haja na mtu mwenye wazazi wawili.

Mwaka huu nafasi ilikuwa moja. Aliyeitaka zaidi ni binti wa fundi cherehani, mwanafunzi wa uhandisi, aliyetamani kusomea kwa nini vyuma huvunjika, fani ambayo nchini hakuna anayeifundisha. Akiikosa, basi tena. Mwisho wa maombi ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Jumatano akaleta insha.

"Mpigie mama yako," Bi Futa akasema. "Weka spika."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Sikiliza kidogo." Akasoma, sauti ikififia kadiri alivyoendelea: "Nilizaliwa katika ufukara uliokithiri. Mama yangu, mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika, alinilea katika kibanda kisicho na dirisha."

Upande wa pili, cherehani ikanyamaza.

"Samahani mwanangu. Huyo mama ni yupi?"

"Ni namna ya kuandika tu, mama."

"Mimi ni katibu wa kikundi cha mafundi. Mihtasari ya vikao anaandika jini? Na lile dirisha ulilolivunja kwa mpira lilikuwa la nani?"

Bi Futa akaingilia. "Mama, samahani, mimi ni mwalimu wake. Huyu alikuwa mtoto wa namna gani?"

"Msumbufu, mwalimu. Sindano ikivunjika, anaokota vipande. Anaandika kwenye daftari: kitambaa gani, sindano namba ngapi, imekatikia wapi. Miezi minne. Nikajua mtoto ndiyo keshachanganyikiwa. Siku moja akaniambia sindano hazina kosa, kile kisahani cha chuma kilicho chini ya sindano kina mkwaruzo. Nikakibadilisha. Nilikuwa navunja sita kwa wiki, sasa hata moja kwa mwezi sifikishi."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja. Daftari ninalo. Kurasa zilizobaki naandikia vipimo vya wateja."

Bi Futa akaweka kalamu chini, akamtazama binti kama mtu anavyomtazama abiria anayelia kapoteza tiketi, nayo ameishika mkononi.

"Kwa nini hili halimo?"

"Niliona ni dogo. Mambo ya nyumbani."

"Kaandike."

Insha ilitumwa Ijumaa saa tano na nusu, bila kibanda. Sentensi ya kwanza ilifutwa vilevile.

Kwenye usaili, wazee watatu walitokea kwenye skrini. Mmoja hakuuliza lolote kuhusu ndoto wala uongozi.

"Ulijuaje si sindano?"

"Zilikuwa zinakatikia palepale, hata nilipobadilisha namba."

Wakazungumzia mkwaruzo kwa dakika ishirini, na kengele ya muda ikapuuzwa.

Barua ya wafadhili ilifika Jumanne. Bi Futa aliisoma mara mbili akitafuta kosa, akapata koma moja. Nafasi ilikuwa ya binti. Na kwa kuwa barua ilimtaja mama kwa sifa, sheria ni sheria: akapiga simu, akamsomea yote.

Fundi akasikiliza hadi mwisho.

"Nashukuru, mwalimu. Aende mwanangu," akasema. "Ila daftari linabaki. Lina vipimo vya watu."