Koti la Babu Kwenye Picha

Mwanangu, kabla hujafungua hilo sanduku la picha za matambiko unazotaka kupeleka kuhifadhiwa Lushoto, keti kidogo. Nakumbuka mwaka mmoja mvua za vuli zilitupita kule kwetu Rangwi, mahindi yakajikunja shambani. Ukoo ukakubaliana kutambika. Babu, aliyekuwa mtambikaji wetu, alikwisha kufa, na baba vilevile, basi nikachaguliwa mimi kushika kibuyu. Nilikuwa kijana wa kupenda kuonekana najua.

Nilikuwa na picha moja, iliyopigwa zamani na mgeni wa misheni: Babu kainama penye makaburi, kibuyu mkononi, kinywa wazi. Nikaikariri. Siku ilipofika nikainama vilevile, nikainua kibuyu cha pombe ya miwa kwa mkono wa kushoto, kama Babu pichani.

"We! Simama hapo!" Alikuwa shangazi, dada yake baba. "Wazee wako unawapa kwa kushoto?"

"Lakini shangazi, picha ndivyo inavyoonyesha."

Akaitaka picha, akaitazama, akacheka. "Tangu lini baba yangu akavaa koti la kike? Angalia vifungo viko upande gani."

Watu wakaangua kicheko. Kumbe fundi aliyeisafisha picha aliigeuza filamu, kulia kukawa kushoto. Niliona aibu, sikufichi.

Shangazi hakuishia hapo. "Na hapa kafunua kinywa. Anasema nini?"

Nikaiinamia tena ile karatasi.

"Nyumba yangu na yako zimetengwa na migomba tu, wewe ukaenda kuuliza karatasi."

Akanisogelea, akanitamkia maneno ya tambiko polepole, nami nikamfuatisha, kibuyu kikiwa mkono wa kulia. Hakuwapo mwingine aliyeyajua. Mvua ilinyesha ilipotaka yenyewe, sitakudanganya. Masika ya mwaka uliofuata tulimzika shangazi, na maneno nikayasema mimi.

Penye wazee hapaharibiki neno, lakini mzee asiyeulizwa huondoka na lake. Hizo picha zihifadhi, ni kazi njema. Ila kila moja ipeleke kwanza kwa aliyekuwapo, umuulize huyu ni nani, anasema nini, na kama anaridhia ionekane kwa watu. Anza na hiyo ya juu, mimi nipo.

Mungu akujalie umri mrefu, mwanangu, na siku utakapobaki peke yako unayejua, asikosekane mtu wa kuvuka migomba kuja kukuuliza.