Mstari wa Sauti ya Maman

Miaka yote ambayo maman alikuwa hasikii, masikio yake yalikuwa mimi. Sisemi hivyo ili kujisifu, ingawa najisifu. Ugonjwa ulimfunga masikio wakati bado ana nguvu za kupanda mteremko wetu wa Kadutu na beseni la dagaa wa sambaza kichwani. Tangu hapo mimi, binti yake mkubwa, ndiye niliyemweleza kwa ishara na midomo nani anabisha hodi, padri amehubiri nini, na kwa nini majirani wanacheka.

Kilichomuuma zaidi ni kuimba. Alikuwa wa kwaya ya mamans, mtu wa kusoma do-re-mi ubaoni bila kubabaika. Wenzake walimvumilia alipoanza kupotea katikati ya nyimbo, mpaka siku kiongozi wao alipomwomba kwa heshima akakae na waumini wengine. Alirudi nyumbani, akavua kitambaa cha kwaya, akatwanga majani ya muhogo ya sombe mpaka kinu kikaomba msamaha. Hakuimba tena kwa sauti.

Ndipo tukapata njia yetu. Jioni, chakula kikiwa motoni, aliniwekea kiganja kooni nami nikaimba. Aliusikia mtetemo kwa vidole, akafuata maneno kwa midomo tu, macho ameyafumba. Kiganja kile kilinuka kitunguu na kilikuwa changu. Wadogo zangu walijaribu kumwimbia, akawapapasa kidogo shingoni kwa adabu, kisha akarudi kwangu.

Papa, mume wake, akafariki. Mwaka ulipoisha tukapanga misa ya kuondoa kilio, siku ambayo mjane anavua nguo nyeusi na familia inakula pamoja. Maman alitaka jambo moja tu: aanzishe mwenyewe wimbo wa Bikira Maria ambao zamani papa alipenda kumwomba aimbe kila Jumapili. Beti aziimbe yeye peke yake, kiitikio kanisa zima. Alitaka sana na aliogopa sana, maana kumbukumbu ya kuondolewa kwenye kwaya ilikuwa haijapoa. Nilimwambia asihofu. Tutasimama pamoja mbele ya altare, kiganja chake kooni mwangu, nitamwongoza taratibu. Kusema kweli nilishaiona picha yote: mimi na yeye, watu wakipangusa machozi. Nilishashonesha hata kitenge.

Kisha mdogo wangu akafika kutoka Uvira. Huyu ni wa kufika. Mimi ni wa kubaki, na anayebaki hapokelewi na mtu mlangoni. Alishuka na gunia la mchele wa Luberizi, maman akamkumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliugua siku ileile.

Baada ya kula alitoa simu yake, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya, kuya uone kitu nimeletea maman."

Ilikuwa programu ya kuchora sauti. Pembeni mwa kioo noti zimepangwa kama ngazi, do chini, juu yake re, mi, fa, na kuendelea. Ukiimba, mstari unatembea kutoka kushoto kwenda kulia, unapanda na kushuka pamoja nawe. Ukiipata noti sawasawa mstari ni wa kijani, ukiikosa ni mwekundu. Mdogo wangu aliimba ubeti wa kwanza wa wimbo wa papa, akausimamisha mchoro, akampa maman simu. Maman aliutazama bila kupepesa. Alianza kupitisha kidole juu yake, akitaja noti moja moja kwa majina. Mtu ambaye alisoma do-re-mi nusu ya maisha yake hakuhitaji kufundishwa. Halafu akajikohoza na kuimba mwenyewe, kwa sauti, akiutazama mstari wake. Ulianza mwekundu, ukayumba, ukatafuta, ukageuka kijani. Akaangua kicheko ambacho sikukisikia tangu kabla ya msiba.

Mtoto mwema angefurahi. Nami nilifurahi, kiasi cha kijiko cha chai. Kilichobaki kilikuwa wivu, tena wivu wa kunikaba, wa kutaka kuitupa simu ile kwenye mtaro.

"Na yaya aimbe," mdogo wangu akasema.

Niliimba kwa nguvu zote. Mstari wangu ulitoka kama barabara ya Miti wakati wa mvua, mashimo na matope, na karibu wote mwekundu. Kila palipotakiwa noti ya la, mimi nilikuwa chini yake. Maman aliangalia mchoro, akaniangalia mimi, akaangalia tena mchoro.

"Kumbe njo vile unaimbaka?" aliuliza.

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejua la kumjibu. Nilikwenda jikoni nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi, huku nikiwaza kwamba kwa miaka yote hiyo shingo yangu ilimtosha, na sasa kipande cha kioo kilikuwa kimeniumbua mbele yake.

Tangu siku hiyo jioni zangu zilikwisha. Maman alikaa na simu mapajani, akirudia beti moja baada ya nyingine, na mdogo wangu pembeni akimwonyesha kwa kidole hapa panda, hapa tulia. Mimi nilipika mchele wa Luberizi, nao, kwa bahati mbaya, ulikuwa mtamu. Mara moja nilikaa karibu yake nikaimba pole pole, nikimsogezea shingo kama kawaida. Alinipigapiga begani kama mtu anavyombembeleza mtoto wa jirani, akarudia kioo chake.

Siku ya misa ilipokaribia nilimwomba Mungu akate umeme, simu izime. Mungu akakata, tangu asubuhi mpaka jioni. Lakini mdogo wangu alikuwa na betri ya kubeba kwenye mkoba, na simu ilikwenda kanisani imejaa kabisa. Nikajua sala zangu zinasikilizwa nusu.

Baada ya komunyo padri alimpa maman ishara. Alisimama mbele ya altare na nguo yake mpya nyeupe, simu mkononi. Nilisimama kando yake kama tulivyopanga zamani, kitenge changu kimenyooshwa, sina kazi. Akaimba. Ubeti wa kwanza ulitoka mnyofu, sauti ya uzee lakini ndani ya noti. Kwenye benchi la kwaya niliwaona mamans wakitazamana. Kiongozi aliyemwondoa aliinamisha kichwa. Nilijivuna, na palepale nikaumia, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiniangalia mimi, hata maman.

Kiitikio kikapita. Alipoanza ubeti wa pili sikuweza kuvumilia. Niliunyanyua mkono nikauweka kooni mwake, kiganja chote, kama yeye alivyozoea kuniwekea. Nilitaka kusikia alichokuwa akikisikia kwangu. Koo lilitetemeka chini ya vidole vyangu, la moto, na nilikuwa karibu kulia.

Maman akanyamaza katikati ya neno. Kiziwi hajui kipimo cha mnong'ono, na simu ile ilichora noti tu, haikumwonyesha ukubwa wa sauti.

"Toa mukono," akasema, na kanisa zima likasikia. "Uko unaniharibishia mustari."

Nikautoa. Alijikohoza, akaanza upya ubeti wa pili, macho kwenye kioo. Kilipofika kiitikio, niliitikia pamoja na waumini wengine.