Chai ya Jumamosi Ottersley

Muriel Stebbing hakuupenda mchezo wa kriketi hata siku moja. Kwake yeye walikuwa wanaume kumi na watatu waliosimama kwenye majani wakingoja mvua. Lakini aliolewa na Gerald, mrushaji mpira wa timu ya kijiji cha Ottersley, na chai ya wachezaji ilikuwa kazi ya wanawake wa ukoo wake. Hakuna aliyemwomba. Siku moja mama mkwe wake alimtia mkononi ufunguo wa jiko la klabu, akasema, "Haya mwanangu, mimi nimechoka."

Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na sita.

Kila Jumamosi, kuanzia mwisho wa Aprili hadi Septemba, saa nne asubuhi ilimkuta jikoni. Alikata matango ya kutia kwenye mikate, membamba kama karatasi, akaponda mayai, akaoka vimkate vya skoni na keki mbili, akajaza birika kubwa la umeme ambalo lilichukua karibu saa nzima kuchemka. Saa kumi na nusu jioni wachezaji waliingia na viatu vyao vya matope, wakafagia kila kilichokuwa mezani kwa dakika ishirini, wakatoka. "Tamu sana, Muriel!" walimwambia, macho yakiwa uwanjani.

Mwaka wa kumi na tisa wa kazi hiyo, mama yake mzazi alikuwa amelazwa mjini, mwendo wa nusu saa kwa gari. Ijumaa muuguzi alipiga simu, akasema ingekuwa vizuri watu wa nyumbani waje. Asubuhi ya Jumamosi Muriel akavaa koti.

"Leo?" Gerald aliuliza. "Leo tunacheza na timu ya Marlby, mke wangu. Watu watakula nini?"

"Watakula mkate na siagi. Mama ana hali mbaya."

"Mama ana hali mbaya tangu Pasaka. Tengeneza hivyo vitu upesi upesi, saa kumi na moja nakupeleka mwenyewe. Naapa."

Akavua koti. Mama yake alikata roho saa tisa alasiri, Muriel akiwa anaondoa kingo za mikate. Gerald hakulizungumzia tena jambo lile. Muriel naye alilifungia kifuani, akajiambia kwamba kijiji kizima kilimtegemea. Ilimbidi aamini hivyo. La sivyo, siku ile aliitupa kwa ajili ya nini?

Februari mwaka huu klabu ilifanya mkutano wake katika chumba cha nyuma cha baa. Nahodha mpya, Rory Penhale, kijana wa zile nyumba mpya za kule kwenye kinu cha zamani cha kusaga nafaka, alikuwa akisoma ajenda kwenye simu. Baada ya rangi ya uzio na kabla ya bima, akafika kwenye chai.

"Vilabu vingi vimeshaacha," alisema. "Kila mtu aje na chakula chake. Wengine hawali ngano, wengine hawali mayai. Na Bi Muriel apumzike, jamani, ametuhudumia vya kutosha!"

Watu wakapiga makofi. Muriel, aliyekaa karibu na mlango, hakupiga.

"Chakula changu kina kasoro gani?"

"Hakina, Bi Muriel, hakina! Ila tu..." Rory akamtazama Gerald, kama anayeomba msaada.

Gerald alicheka. "Tuseme ukweli tu. Miaka yote hii tumekuwa tukila kwa adabu. Matango! Mwanamume gani anashiba matango?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Walipoambiwa wanaokubali wanyooshe mikono, wa Gerald ulitangulia. Jambo lote lilichukua dakika tatu.

Njiani kurudi nyumbani Gerald akamwambia, "Usininunie. Nilikuwa natania."

"Mama yangu alikufa, Gerald."

"Nini? Lini?"

"Jumamosi ya Marlby."

Gerald akafikiri kidogo, kisha uso ukamchangamka. "Aa, ile! Tuliyoshinda kwa mpira wa mwisho!"

Asubuhi iliyofuata Muriel alitembea hadi nyumba za kwenye kinu. Ufunguo wa jiko aliutumbukiza kwenye sanduku la barua la Rory, bila hata kikaratasi. Majira ya joto yalipofika, Gerald aliuliza amefungiwa nini cha kula uwanjani. "Hukufungiwa kitu," Muriel alisema, akaendelea kufua. Siku hizi mzee hununua mkate baridi kwenye kituo cha mafuta, akaula peke yake ndani ya gari.

Beryl Cobbold, jirani yao, alimkuta Muriel amekaa bustanini Jumamosi moja, mikono mitupu mapajani.

"Bahati yako, shoga," alisema. "Sasa Jumamosi zote ni zako. Si ndizo ulizozitaka siku zote?"

"Nilizitaka," Muriel alijibu, "nilipokuwa na mtu wa kwenda kumwona."

Beryl akaanza kuyasifu mawaridi.