Nishani Iliyolala Nje

Mume wangu alipewa nishani ya amani mwaka wa pili baada ya sisi kuhamia kijiji cha ujamaa, na mpaka leo hakuna anayejua ni nani aliyempa. Wapo wanaosema serikali. Wapo wanaosema misheni. Mimi nasema wote wanabahatisha, na nilikuwepo.

Niliolewa kutoka Bashay kuja Endasak, kwa mpiga zeze. Mama yangu alinionya kwamba mtu wa namna hiyo hulima kwa mkono mmoja, na hakukosea. Lakini jioni mume wangu akianza kuukwaruza ule uzi wake mmoja, hata kama nilikuwa nimemnunia tangu asubuhi, nilijikuta natikisa kichwa mbele ya jiko. Nilimpenda, basi.

Kijijini tulipangwa nyumba kwa nyumba, wakulima na wafugaji wa Kibarbaig pamoja. Jirani yetu alikuwa mfugaji mrefu mwenye maneno machache na ng'ombe wengi. Msimu wa kwanza ng'ombe wake wakaingia kwenye mahindi yetu, mume wangu akakamata ndama mmoja akamfunga kwetu. Ndama alirudishwa kesho yake, lakini ubaya ulikuwa umeshaingia. Wanaume wa pande zote mbili wakawa wanakwenda bwawani na fimbo, na watoto wakakatazwa kucheza pamoja. Sisi ndio tulioanzisha.

Ndipo mume wangu akatunga wimbo, akaupiga pale bwawani mbele ya watu wote. Hakumgusa jirani hata kwa neno moja. Alijicheka mwenyewe, mwanamume hodari aliyeteka ndama, na ndama akamtafunia shuka akiwa amelala. Hilo la shuka ni kweli, nililishona mimi. Watu walicheka mpaka wafugaji wakataka arudie, na baada ya siku chache fimbo zikaanza kubaki nyumbani. Jirani tu ndiye hakucheka. Aliwanywesha ng'ombe wake akaondoka.

Kwenye sherehe ya mavuno mwenyekiti wa kijiji akamwita mume wangu mbele, akamvika nishani ya shaba. Ukiitazama hivi, uliona mikono miwili imeshikana. Ukiigeuza, zilikuwa pembe za ng'ombe. Maandishi hayakuwepo.

"Hii ni nishani ya amani," mwenyekiti akasema. "Imetoka juu."

Akanyoosha kidole, nasi wengine tukatazama mlima Hanang.

Tulirudi nyumbani tukiimba. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Amekupa nani hiyo?" akamuuliza mwanawe.

"Serikali, mama."

"Nyumba gani?"

Hapo furaha ikakatika. Kwa mama mkwe wangu, kitu cha kuvaa mwilini hakikuingia ndani mpaka kijulikane kimetoka nyumba gani, kwa sababu huja na neema ya nyumba ile, au balaa yake. Akaichukua nishani akaitundika kwenye uzio wa zizi, ilale nje.

Mume wangu naye, kwa kiburi, akatangaza kwamba bila nishani yake hapigi zeze. Na arusi ya wifi yangu, dada yake wa mwisho, ilikuwa imekaribia. Wifi akalia. Arusi ya dada wa mpiga zeze bila zeze ingekuwa aibu ya ukoo mzima.

Kwa hiyo mume wangu akaenda kuuliza. Mwenyekiti akasema aliletewa na tarishi. Tarishi akasema alipewa na dereva wa lori la mbegu, na dereva alikuwa ameshahamishwa. Mwalimu, mgeni wetu kutoka Tanga, akaigeuza mara nyingi akasema nishani za serikali anazijua, hii hapana. Mume wangu alirudi amenywea kabisa. Alikuwa ameshawaambia watu mpaka Masieda kwamba wakubwa wameusikia wimbo wake.

Mama mkwe akapika pombe ya asali. Akatangaza kwamba aliyeitoa nishani aje, mtungi ni wake.

Mnajua kilichotokea. Walikuja wote. Mwenyekiti akakumbuka ghafla kwamba wazo lilikuwa lake. Mwalimu akasema, akifikiri vizuri, huenda ilitoka kwenye mashindano ya shule aliyoyasimamia yeye. Tarishi akadai kuibeba ni sehemu ya kuitoa. Wafugaji watatu wakaapa kwamba ni bangili za wake zao zilizoyeyushwa. Uwanja wetu ukajaa. Wakulima na wafugaji walibanana kwenye benchi moja, wanabishana kwa raha, na mimi nilicheka hadi nikashika mbavu.

Wa mwisho kuingia alikuwa jirani yetu. Watu wakampisha njia, maana tangu siku ya ndama hakuwahi kukanyaga kwetu. Akamsogelea mama mkwe, mkononi ameshika majani mabichi, kama wenzake wafanyavyo wakija kwa amani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe ndiye uliyeitoa?"

"Hapana, mama. Sikuitoa mimi, wala simjui aliyeitoa." Akamtazama mume wangu. "Lakini kama inatafuta nyumba, semeni imetoka kwangu."

Mama mkwe akainuka. Alikwenda zizini, akaishusha nishani, akaifuta kwa kanga yake. Kisha akampa yule jirani aishike, na jirani kwa mkono wake akamvika mume wangu. Mama mkwe akafungua mlango, wanaume wote wawili wakaingia ndani, na mtungi ukawafuata.

Sikungoja kuitwa. Nililitoa zeze lilipokuwa limetundikwa nikamtupia mume wangu. Akaanza na wimbo wa ndama. Alipofika kwenye shuka, nikasikia sauti nzito nisiyoijua ikicheka. Ilikuwa ya jirani.

Arusini zeze lilipigwa mpaka uzi ukakatika, na jirani ndiye aliyekwenda kung'oa mwingine kwenye mkia wa ng'ombe wake.