Funguo Tatu za Setilaiti Moja

Mama mdogo hakuwahi kugusa chai asubuhi kabla ya kutoka uani na kutazama juu. "Umeamkaje, mwanangu?" alikuwa akiuliza, na juu hakuna kitu cha kuonekana. Fundi viatu wa mtaani kwetu alizoea kumtania.

"Mama Setilaiti, mtoto hajambo? Mbona haji kusalimia wazee?"

"Yuko kazini. Si kama wako."

Setilaiti yenyewe ilikuwa ya nchi tatu jirani, yetu ikiwemo. Kwa kuwa hawakuaminiana, wakubwa walipatana kwamba hakuna amri itakayorushwa juu mpaka waendeshaji watatu, kila nchi na wake, wakae chumba kimoja na kila mmoja azungushe ufunguo wake. Wa kwetu aliushika mama mdogo, tangu chombo kile kikiwa bado vyuma juu ya meza. Mchumba wake alichoka kungoja, akaoa kwingine.

Mwaka huu wakagombania kiti. Nchi ya pili ilisema zamu ya uenyekiti ni yake, ya tatu ikasema mwaka wa maandalizi hauhesabiwi, kwa hiyo ni yake. Ya tatu ikanuna, ikamwita mwendeshaji wake arudi nyumbani. Huyo sisi tulimwita Mpwa, kijana mcheshi. Akaondoka na ufunguo.

Ndipo setilaiti ikayumba, mabawa yake ya kunasa umeme yakaacha kutazama jua. Amri moja ingeinyoosha kabla betri haijaisha. Nilipompelekea mama mdogo chakula cha mchana kituoni, nilimkuta amesimama mbele ya mkuu wa kituo.

"Tuvunje kufuli la tatu, mzee wangu. Mgonjwa anakata roho."

"Tukivunja watasema tumewaibia. Mkataba ni mkataba, dada."

Akampigia Mpwa, simu wazi sote tukisikia.

"Shangazi, ningekuja hata kwa miguu," Mpwa alisema. "Pasi yangu wameishika."

Mama mdogo akakaa mbele ya kioo cha mtambo, chakula kikapoa. Kesho yake mstari wa mapigo ya setilaiti ukalala, haukuinuka tena.

Baada ya hapo wakubwa wa nchi zote tatu walifika mbio, kama watu wa mirathi. Mpwa naye walimleta. Hawakubishana hata kidogo: setilaiti imekufa kwa uzee. Walichotaka ni sahihi za waendeshaji watatu kwenye taarifa hiyo. Mpwa alitia yake akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama, tia sahihi basi, watu wana njaa," mwenyekiti wa kikao alisema.

Mama mdogo aliwatazama mmoja mmoja. "Kumbe mnaweza kukaa chumba kimoja."

Mmoja akacheka, akidhani ni utani.

Akachukua mkoba wake, akanishika mkono pale mlangoni nilipomngoja na chakula chake. Getini mlinzi akauliza, "Unarudi saa ngapi, mama?" Tukapita. Nasikia kule ndani walimtafuta mtu mwingine wa kutia sahihi, wakaenda kula. Yeye hakurudi.